Kamera Inayonyimwa Ujanja Wake

Kamera ndogo ya mfukoni imetengenezwa kwa ajili ya harusi. Hutafuta nyuso, hupunguza mwanga ikiona weupe, huongeza ikiona giza, hutuliza mkono unaotetemeka. Fundi wa ramani za angani huzima hayo yote, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Tanzania tumewaona mafundi hao. Ramani Huria ilirusha droni juu ya Dar es Salaam. Mwaka 2016 Zanzibar Mapping Initiative ikaanza kupiga Unguja na Pemba kwa eBee, bawa la povu lisilofika kilo moja. Kati ya kamera zilizotengewa eBee ilikuwamo Canon S110, ya kawaida kabisa.

Sasa tuipeleke Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapomwaga tope lake Ziwa Nyasa. Ukiruka mita 100, kila pikseli ya S110 hufunika karibu sentimita 3.6 za ardhi. Vichanja vitaonekana, samaki wadogo wa usipa walioanikwa juu yake, hapana. Droni ikienda mita 12 kwa sekunde huku shata ikiwa 1/250 ya sekunde, inasogea sentimita 4.8 kabla picha haijafungwa, na kichanja kinaota mkia. Kwa 1/1000 ni sentimita 1.2 tu. Lakini upepo wa kusini ukiisukuma mgongoni hadi mita 20 kwa sekunde, 1/1000 ileile inaruhusu sentimita 2. Basi fundi huweka 1/2000. Jua la saa nne linamruhusu: ISO 100, tundu la lenzi f/4, picha iwe na giza kidogo. Kivuli cha mwembe huokolewa baadaye kwenye kompyuta. Mchanga ukishaungua umekwenda.

Kisha hufunga zumu kwenye upana wa mwisho na fokasi kwenye umbali usio na kikomo. Kitulizaji nacho huzimwa, kwa kuwa kinasogeza kioo, na programu ya ramani inataka lenzi ileile kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Rangi huwekwa "jua" na kuachwa hapo, la sivyo maji ya tope yatabadilika rangi kila mstari wa kuruka.

Picha hulaliana kama mabati: asilimia 75 hadi 80 kwa mbele, 60 hadi 70 kwa ubavu. Hapo ziwa huleta ubishi. Programu huunganisha picha kwa alama zisizohama, na wimbi halitulii. Picha ya maji matupu haina pa kushikwa. Upepo unataka mistari iukate kutoka mashariki kwenda magharibi, lakini mistari hiyo ingeishia majini. Fundi huchagua kufuata ufukwe, kila picha ibaki na kipande cha nchi kavu, na gharama ya upepo huilipa kwa shata. Wingu likitanda, hugusa ISO tu: 200, hata 400. Ile 1/2000 haiguswi.