Rangi na Joto la Modogashe

Modogashe ni njiapanda. Barabara ya kutoka Isiolo huikuta hapo ile inayotoka Garissa kwenda Wajir, na magari ya njia hizo huchakaa mapema: kokoto huchubua milango, mchanga husugua mabati, jua hufifisha kinachobaki. Fundi wa rangi hakosi kazi. Huyu ninayemtazama amekwisha kunyoosha mlango wa Land Cruiser kwa nyundo, akaujaza fila, akaupiga msasa namba 80 hadi 400, akaupuliza praima na kuulainisha tena. Wengi hudhani kazi ya rangi huanza bunduki ya kupulizia ikishikwa. Mimi naamini huamuliwa mapema zaidi, ndani ya kopo.

Analifungua bila kulitikisa. Rangi iliyokaa rafuni hutulia: chembe nzito zinazoipa rangi sura yake huzama, na majimaji hubaki juu. Ukikoroga juujuu, unapuliza nusu ya rangi. Kwa hiyo anayamimina majimaji yale kwenye kopo jingine, safi, kisha anaingiza kijiti bapa. Kijiti cha mviringo hupasua tope na kupita. Kilicho bapa hulikwangua na kulinyanyua. Anakwangua sakafu ya kopo, anasaga mabonge kwenye ubavu wake, anarudisha majimaji kidogo, anakoroga, anarudisha mengine. Haongei. Kijiti kisipokwama tena popote chini, ndipo anapokipangusa.

Halafu linakuja suala la weupe. Kwenye kibati kilichopigwa chapa ndani ya boneti kuna namba ya rangi ya kiwandani. Nyeupe ya Toyota inayojulikana sana ni 040. Namba hiyo husema gari lilivyotoka kiwandani, haisemi lilivyo baada ya miaka ya jua la huku. Mwenye gari, kijana, anaona kazi inachelewa. Anamwita fundi adeer, yaani ami kwa Kisomali, na fundi anamrudishia neno hilohilo.

“Adeer, si nyeupe ni nyeupe tu?”

“Hii ya kopo ni ya kiwandani, adeer. Yako imeota jua.”

Anachovya ncha ya msumari kwenye rangi ya manjano iliyofifia, anadondosha tone moja, anakoroga mpaka lipotee kabisa. Kisha tone dogo zaidi la nyeusi, maana nyeupe ya gari mara nyingi huwa na weusi ndani yake hata kama jicho haliuoni. Anapaka kipande cha bati na kukisubiri kikauke, kwa kuwa rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Kikishakauka anatoka nacho juani, anakibandika kwenye ubavu wa gari, anasogea nyuma, anainamisha kichwa. Bado. Tone jingine la manjano. Anasubiri upya.

Rangi yenyewe ni ya selulosi. Aina hii ilienea Marekani miaka ya 1920, baada ya DuPont kutoa Duco mwaka 1923, na ikafupisha kazi ya kupaka gari, ambayo awali ilichukua wiki kadhaa za kusubiri vanishi ikauke. Hukauka thina yake inaporuka hewani. Sifa hiyo ndiyo tatizo la Modogashe. Joto likipanda sana, thina nyingi huruka hata kabla tone halijafika kwenye bati. Rangi hutua kavu na kukwaruza kama vumbi, au hutua isitambae, ikaacha vijishimo ambavyo mafundi huviita ganda la chungwa. Ukizidisha thina ili kukwepa hilo, rangi hutiririka mlangoni na haifuniki praima. Mombasa wakati wa masika shida hugeuka: thina ikiruka upesi hupoza rangi, unyevu wa hewa huigandia, na rangi hupata ukungu mweupe.

Ana thina za aina mbili. Ile ya bei rahisi ni ya kuoshea bunduki, basi. Ya kuchanganyia ni ile inayoruka polepole, na haazimi kutoka dumu moja kwenda jingine. Anapima kopo moja la rangi kwa kopo moja la thina, lakini robo ya mwisho anaibakiza na kuitia kidogo kidogo. Viwandani hupima kwa kikombe chenye tundu chini na saa mkononi. Yeye ananyanyua kijiti na kutazama: uzi wa rangi unashuka mwembamba, haukatiki, kisha unageuka matone. Yanachelewa. Anaongeza funda la thina, ananyanyua tena. Hapo nikaona alichokuwa akikitafuta: matone yanafuatana upesi, kila moja linazama bila kuacha kovu juu ya rangi.

Kutia thina na kupuliza anakufanya alfajiri. Kuanzia Mei hadi Septemba mkondo wa upepo wenye nguvu hupita juu ya mashariki ya Kenya, ule ambao mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliueleza mwaka 1969, na jua likipasha ardhi upepo hushuka na kuinua mchanga. Anachuja rangi kwa soksi ndefu ya nailoni aliyoikunja mara mbili, ananyunyiza maji chini, anajifunga barakoa, anapuliza kwanza kwenye katoni. Doa limetandaa sawa, halina punje. Bado anaongeza kijiko kimoja cha thina, kwa sababu, anasema, mpaka koti la tatu la rangi jua litakuwa limepanda.

Koti la kwanza ni jepesi, praima inaonekana bado. La pili linafunika. Kabla ya la tatu anakoroga tena, ananyanyua kijiti, anahesabu matone. Rangi inayobaki, ambayo haijatiwa thina, anaifunga kwenye chupa na kuandika juu yake kwa kalamu namba ya gari, matone ya manjano na ya nyeusi aliyotia, na saa aliyoanza kupuliza.