Sifa za Mkono Unaokanda Mguu wa Kisukari

Refleksolojia ni ufundi wa kukanda miguu kwa kufuata ramani inayoichukulia kila sehemu ya unyayo kuwa na uhusiano na kiungo fulani cha mwili, kiasi kwamba ncha ya kidole gumba huhesabiwa kuwa ya kichwa, ukingo wa ndani wa unyayo kuwa wa uti wa mgongo, kisigino kuwa cha nyonga, na uvungu wa unyayo kuwa wa matumbo, figo na kongosho. Wagonjwa wengi wa kisukari huukimbilia ufundi huu kwa sababu iliyo wazi: maumivu yao yako miguuni, na mkono unaoshika pale pale panapouma una faraja ambayo kidonge hakina. Ufundi huo unastahili sifa, na sifa kubwa, ijapokuwa si zile ambazo watetezi wake wamezoea kuzitaja.

Ramani yenyewe si ya kale kama inavyodaiwa mara kwa mara. Wapo wanaotaja michoro ya kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, ambamo watu wanaonekana wakishikwa mikono na miguu, lakini michoro hiyo haina mgawanyo wowote wa unyayo, na mgawanyo unaotumiwa leo ulizaliwa Marekani katika karne ya 20. William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo wa Hartford, Connecticut, aliugawa mwili katika kanda kumi zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni, na mwaka 1917 akachapisha kitabu juu ya nadharia hiyo pamoja na Edwin Bowers. Aliyeishusha nadharia miguuni ni Eunice Ingham (1889–1974), mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye alipapasa nyayo za wagonjwa wake kwa miaka mingi, akalinganisha mahali palipouma na maradhi waliyoyalalamikia, na mwaka 1938 akatoa kitabu ambacho jina lake linaitaja miguu kuwa na hadithi za kusimulia. Kutoka kwake ufundi ulienea Ulaya na kwingineko, na huko Taiwan ulipata umaarufu mkubwa kupitia padri Mswisi, Josef Eugster.

Ili kujua ufundi huu unakutana na nini katika mguu wa mwenye kisukari, ni lazima kwanza kueleza maradhi yenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 537 duniani wanaishi na kisukari, milioni 24 kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika, na takriban nusu ya wenye kisukari, kadiri miaka inavyosonga, hupatwa na kuharibika kwa mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazopeleka habari za mguso, joto na maumivu kwenye ubongo. Sukari inapokaa juu katika damu kwa muda mrefu huziumiza nyuzi hizo na pia vijishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na kwa kuwa uzi mrefu ndio ulio mgumu zaidi kulisha, madhara huanzia kwenye nyuzi zinazotoka kiunoni hadi ncha za vidole vya miguu, urefu unaokaribia mita moja, kisha hupanda taratibu hadi mguu wote uwe kama umevishwa soksi isiyovuliwa. Wagonjwa huyaeleza maumivu haya kwa namna nyingi: miguu inawaka moto, inachomwachomwa sindano, inatembewa na sisimizi, na usiku hata shuka likigusa vidole mtu hupiga kelele. Baadaye mara nyingi moto huzimika, na mgonjwa hufurahi akidhani amepona, kumbe mguu umekufa ganzi.

Je, kukanda kunatuliza maumivu hayo? Kuhusu ramani, jibu la haki ni kwamba haijathibitishwa. Hakuna mshipa uliopata kuonekana ukiunganisha uvungu wa unyayo na kongosho kwa namna ambayo kubonyeza kimoja kungekizindua kingine, na Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, aliyepitia majaribio ya refleksolojia mwaka 2009 na tena 2011, hakukuta ushahidi wa kuridhisha kuwa inatibu ugonjwa wowote. Lakini swali la kutuliza maumivu ni jingine, na hapo elimu ya mishipa ina neno la kusema. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una kitu mithili ya lango, ambapo habari za maumivu zinazoletwa na nyuzi nyembamba hukutana na habari za mguso zinazoletwa na nyuzi nene, na kwamba mguso ukiwa mwingi unaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi; ndiyo maana aliyejikwaa hujisugua kabla hata hajafikiri. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa kisukari, mengi yakiwa madogo, yameonyesha wengine wakipata nafuu ya maumivu na usingizi bora, ingawa ni vigumu kutenganisha kazi ya ramani na kazi ya mkono wenyewe. Mgonjwa aliyelala usiku mzima bila miguu kuwaka moto hana sababu ya kudharau nafuu hiyo kwa kuwa tu imepita mlango tofauti na uliotajwa na mkandaji.

Mkono huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mkandaji aliyefunzwa hukata kucha zake zisifike ncha za vidole, huketi chini kidogo ya usawa wa miguu ya mgonjwa, na mkono mmoja hushika mguu kwa juu, ukivirudisha vidole nyuma kidogo ili ngozi ya unyayo itandazike. Kidole gumba cha mkono wa pili hujikunja kwenye kiungo chake cha mwisho, hujinyoosha, husogea mbele umbali mdogo sana, kisha hujikunja tena, bila kuteleza na bila kuinuka, huku nguvu ikitoka begani wala si kwenye kidole, kwa maana anayetegemea nguvu ya kidole hawezi kudumu katika kazi hii. Hupita hivyo kuanzia kisigino, mstari baada ya mstari, hadi kwenye mashina ya vidole, ambapo hupunguza mwendo, kwa kuwa hapo ndipo mifupa ya mguu inapokaribiana na ngozi na ndipo uzito wa mwili unapotua katika kila hatua.

Katika mguu wa kisukari, hata hivyo, ufundi huu unakutana na mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu msingi wake ni mgonjwa kusema "hapo panauma", na mguu uliokufa ganzi hausemi. Mkandaji asiye makini ataongeza nguvu ili apate jibu, naye anaweza kuipasua ngozi bila mtu yeyote kujua. Paul Brand, daktari mpasuaji aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, na baadaye Carville, Louisiana, alionyesha kuwa vidole vya wagonjwa hao havikuozeshwa na ukoma wenyewe, bali vilipotea kwa majeraha madogo yasiyohisiwa, na somo hilo likapelekwa kwenye miguu ya wenye kisukari. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwamo Zulfiqarali Abbas, walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Mtu hulala na mguu mzima akaamka na kidonda, kidonda kikageuka donda ndugu, na mwisho wake ukawa msumeno wa hospitali.

Hapa ndipo sifa halisi ya ufundi huu ilipo. Ni watu wachache mno ambao kazi yao ni kuushika mguu wa mgonjwa kwa nusu saa kila wiki, wakiugeuza na kuupapasa sentimita kwa sentimita, na daktari mwenye foleni mlangoni hawezi kuwa miongoni mwao. Mkandaji mzuri huanza kwa macho: hutazama kati ya vidole kama pana unyevu au mpasuko, huchunguza magaga ya kisigino, na akiona sugu yenye weusi chini yake hujua kuwa hiyo ni damu iliyovia na kwamba kidonda kinakuja. Kisha hutumia mgongo wa mkono kulinganisha joto la miguu yote miwili, kwa maana mguu mmoja uliovimba, mwekundu na wa moto, hata usipouma, unaweza kuwa na mifupa inayovunjika ndani, hali ambayo madaktari huiita mguu wa Charcot. Mguu kama huo haukandwi. Mgonjwa hupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo haukandwi mguu wenye kidonda, wala ule wenye dalili za damu kuganda. Maji ya kuoshea hupimwa kwa kiwiko cha mkandaji, mafuta hayaachwi kati ya vidole, na mbonyezo huwa mwepesi daima.

Wala mkandaji mwaminifu hamwambii mtu aache dawa. Utafiti mkubwa uliokamilika Marekani mwaka 1993, uliowahusisha wagonjwa 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa kuidhibiti sukari barabara hupunguza uharibifu wa mishipa ya fahamu kwa takriban asilimia 60, na hakuna ukandaji uliokaribia kiwango hicho. Vyuo vinavyofundisha kazi hii vingefanya jambo la maana kumpa kila mwanafunzi, kabla ya ramani, ule uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, ambao hospitali huutumia kupima kama unyayo bado unahisi. Naye mwenye kisukari anayekwenda kukandwa autaje ugonjwa wake kabla ya kuvua viatu, kisha amwangalie mkandaji: asiyeuliza chochote na asiyetazama kati ya vidole kabla ya kushika mafuta hastahili kukabidhiwa mguu huo.