Deni la Uso: Mazda MX-5, Lotus Elan na Suala la Kuazima Umbo

Mwezi wa Februari 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago, kampuni ya Mazda ya Hiroshima ilifunua gari dogo la spoti lenye viti viwili na paa la turubai. Wamarekani waliliita Miata, Wajapani wakaliuza kwa jina la Eunos Roadster, na kwingineko likajulikana kwa herufi na tarakimu: MX-5. Halikuwa na kasi ya kutisha wala bei ya kifalme. Hata hivyo lilizua mjadala ambao haujesha hadi leo miongoni mwa wapenzi wa magari: je, sura ile ni ya Mazda yenyewe, au ni ya Lotus Elan, gari la Kiingereza lililotoka miaka 27 kabla yake?

Huenda msomaji aliyezoea kukuta mashairi katika kurasa hizi akauliza gari limefuata nini huku. Limefuata swali. Shutuma iliyotupiwa MX-5 ndiyo ile ile inayotupiwa mshairi chipukizi wa visiwani na mwambao: "Huyu kaiga." Neno hilo ni jepesi kulitamka, lakini uzito wake humwangukia mtu. Likitamkwa pasipo kipimo humvunja mwenye kipaji. Lisipotamkwa panapostahili humvika mwizi kilemba cha malenga. Na kwa kuwa umbo la gari hupimwa kwa rula na kushikwa kwa mkono, kisa hiki chafaa kuchunguzwa kwa utulivu ambao ugomvi wa washairi hauruhusu.

Mshitaki na asikilizwe kwanza. Elan ilitoka mwaka 1962, kazi ya Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi chini ya Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus. Bodi yake ya faiba ilikaa juu ya chesisi ya chuma iliyofanana na uti wa mgongo, na gari zima lilikuwa na uzito usiofika kilo 700. Boneti yake ni ndefu na imeinama. Mdomo wake ni mdogo, wa mviringo, usio na shoo ya kumetameta. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti mchana na kuinuka usiku. Mabega yake ni ya duara, viti vyake viwili vimesogezwa nyuma, na mkia wake ni mfupi. Iwekwe MX-5 ubavuni pake, na maelezo yote hayo yatasomeka upya bila kubadili neno. Hata chini ya boneti udugu unaendelea. Elan ina injini ya sentimita za ujazo 1,558 yenye kemshafti mbili, na MX-5 ina ya 1,597 yenye kemshafti mbili vile vile; zote mbili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Mazda ilifika hadi ya kukifinyanga kifuniko cha juu cha injini kifanane na vya magari ya zamani. Mshitaki hana uhaba wa ushahidi.

Mtetezi wa kawaida hujibu kwamba Lotus nayo iliazima. Ana haki ya kusema hivyo. Taa za kujificha, ambazo wengi huzihesabu kuwa alama ya Elan, zilionekana mwishoni mwa mwaka 1935 katika gari la Kimarekani lililoitwa Cord 810, lililobuniwa na Gordon Buehrig. Humo dereva alizizungusha kwa mkono, moja moja. Katika Elan ziliinuliwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na katika MX-5 kwa mota za umeme. Boneti ndefu na viti vilivyosogea nyuma vilikuwa mali ya takriban kila gari la spoti la Uingereza tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili.

Utetezi huu ni wa kweli, ila hautoshi. Anayesema kwamba kila mtu ameazima amewaachilia huru wezi wote kwa mpigo mmoja. Ni sawa na kudai kwamba, maadamu vina na mizani ni mali ya wote, basi hakuna shairi lililowahi kuibwa. Vina ni vya wote. Mpangilio wa fikra, mahali pa pumzi na namna ubeti unavyojifunga ni vya mtu. Kile kilichokuwa cha Hickman hakikuwa taa, wala boneti, wala mdomo, kimoja kimoja. Kilikuwa ni kuvikusanya vyote katika kiwiliwili kidogo kiasi kile pasipo kimoja kumkanyaga mwenziwe. Na mkusanyiko huo ndio hasa unaoonekana tena katika MX-5. Kwa hiyo hoja ya kuazima imethibiti, na kinachobaki ni kuuliza ni kuazima kwa namna gani.

Hapa ushairi wa Kiswahili una kipimo ambacho wahakiki wa magari hawana. Kipimo hicho ni takhmisa. Mtunzi wa takhmisa huchukua shairi la aliyemtangulia, lenye beti za vipande viwili viwili, akatanguliza vipande vitatu vyake kwa kila ubeti, kwa mizani na kina vinavyokubaliana na vya mwenyewe, hata ubeti ukatimia vipande vitano. Sanaa hiyo ilipokewa kutoka kwa Waarabu, ikakaa mwambao hata ikawa ya nyumbani. Hakuna anayemwita mtunzi wa takhmisa mwizi, kwa sababu mbili. Ya kwanza, shairi la kale limewekwa wazi ndani ya lile jipya, na hadhira inalitambua. Ya pili, vipande vitatu vilivyoongezwa vinapaswa kubeba mzigo wao. Vikiwa vyepesi, aibu ni ya aliyeviongeza, na shairi la mwanzo hubaki na heshima yake.

Kwa kipimo cha kwanza, MX-5 haikuficha kitu. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1979, pale mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alipomwambia Kenichi Yamamoto, mhandisi mkuu wa Mazda, kwamba dunia ilikuwa ikipoteza magari mepesi ya wazi ya mtindo wa Kiingereza. Hakukosea: mwaka uliofuata ndio ulioshuhudia mwisho wa MGB na Triumph Spitfire. Elan ya viti viwili ilikuwa imekwisha tangu 1973. Michoro ilianzia California, na mfano wa kwanza uliotembea ukajengwa Uingereza, katika karakana ya IAD mjini Worthing. Waliohusika waliyapenda magari hayo ya kale na walisema hivyo hadharani. Shairi la mwanzo liliwekwa mezani, likasomwa kwa sauti.

Kipimo cha pili ndicho kigumu zaidi: vipande vitatu vya Mazda viko wapi?

Kimoja kiko katika ngozi ya gari. Umbo lilipofika Hiroshima kukamilishwa, Shunji Tanaka, aliyesimamia hatua hiyo, alieleza kwamba alikuwa akiwaza barakoa za mbao za tamthilia ya Noh. Barakoa ya Noh haina msuli hata mmoja, lakini mchezaji akiinamisha kichwa kidogo kivuli hushuka na uso huonekana kuhuzunika. Akikiinua, uso huo huo huonekana kutabasamu. Ubavu wa MX-5 unafuata kanuni hiyo. Hauna mikunjo mikali wala nakshi. Una mbinuko mpole unaobadilika kwa kila mwendo wa jua. Elan ni mchoro wa kalamu, uliokamilika kwa mstari wake. MX-5 ni kazi ya udongo, inayongoja mwanga uje kuikamilisha. Tofauti hii haipimwi kwa rula, na ndiyo maana wenye kupima kwa rula peke yake hawaioni.

Kipande cha pili kiko ndani. Bodi ya MX-5 ni ya chuma, imejengwa kwa pamoja bila chesisi ya kujitegemea, na humo imepitishwa fremu ya aluminiamu inayoifunga giaboksi na difu kuwa kitu kimoja, ili amri ya mguu ifike kwenye magurudumu bila kusitasita. Kazi inakumbusha uti wa mgongo wa Elan, njia ni nyingine. Kipande cha tatu ni kusudi. Toshihiko Hirai, aliyeongoza mradi huo, aliufuata msemo wa Kijapani usemao kwamba mpanda farasi na farasi wake wawe mwili mmoja. Naye alitaka gari ambalo mtu wa kawaida ataweza kulinunua na kuliamini kila asubuhi. Elan ilisifiwa sana na wachache waliobahatika kuwa nayo. Mazda ililitwaa shairi lililokuwa likighaniwa barazani mwa wachache, ikaliimba uwanjani.

Wasemao kwamba sura bila jina ni wizi, na jina ndilo lenye urithi, historia imewapa jibu kali. Mwaka huo huo wa 1989, Lotus yenyewe ilitoa Elan mpya, iliyochorwa na Peter Stevens. Lotus ilikuwa na jina, ilikuwa na nyumba, ilikuwa na haki zote. Elan hiyo ilikuwa na injini ya Isuzu, ikavutwa na magurudumu ya mbele, na uso wake mpana ulioshuka chini haukukumbusha chochote cha mwaka 1962. Halikuwa gari baya. Wengi waliliendesha wakalisifu kwa kukamata barabara. Lakini wanunuzi walikuwa haba, utengenezaji ukasimamishwa mwaka 1992, ukarudishwa kwa muda mfupi, kisha haki za gari hilo zikauzwa kwa Kia ya Korea Kusini. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lotus iliuacha mbacha wake njiani, na mpita njia akauokota, akauosha, akauswalia. Ni nani kati yao aliyekuwa mrithi? Aliyekuwa na jina hakuwa na sauti, na aliyekuwa na sauti hakudai jina.

Ili hukumu hii isije ikatumiwa kumsafisha kila mwigaji, ni vyema kuitazama kesi moja ya upande wa pili, ingawa haihusu gari la spoti. Mwezi wa Machi 2019, mahakama mjini Beijing iliamua kwamba gari la Kichina liitwalo Landwind X7 limenakili sura ya Range Rover Evoque, na ikaamuru lisitengenezwe wala lisiuzwe tena. Huko hapakuwa na vipande vitatu. Gari lililoigwa lilikuwa bado sokoni, mwenyewe akiwa hai na akiuza. Mwigaji aliongeza bei nafuu tu. Kumpokonya mwenzio shairi angali akilighani ni jambo moja. Kulipokea shairi lililonyamaza miaka 16 na kulijibu ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo MX-5 haitoki mahakamani bila doa. Takhmisa njema humtaja mwenye shairi, au walau humwacha ajulikane. Katika sifa nyingi zilizomiminiwa gari hilo, Elan hutajwa, Chapman hutajwa, na Hickman husahauliwa. Mtu huyo hakuwa mgeni wa suala la haki ya mbunifu. Baada ya kuondoka Lotus alibuni meza ya kazi ya kukunjwa iliyouzwa na Black & Decker kwa jina la Workmate, na uvumbuzi huo aliutetea mahakamani dhidi ya walioiga. Alifariki mwaka 2011 katika kisiwa cha Jersey. Meza yake sheria iliilinda. Uso aliouchora ulilindwa na kumbukumbu za watu peke yake, na kumbukumbu hizo hazikuwa aminifu. Lawama hiyo inawaangukia wahakiki na washabiki kuliko mafundi wa Hiroshima, kwa maana kazi ya kutaja majina ni ya wahakiki.

Dawa ya deni ni kulipa, na deni la umbo hulipwa kwa kuwa na cha kukopesha. Mwaka 1998 MX-5 ya kizazi cha pili iliziacha taa za kujificha, alama iliyokuwa ikitajwa kuliko zote kuwa ni ya wizi, na hakuna aliyeshindwa kulitambua gari. Tayari lilikuwa na uso wake. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1990, Fiat, MG, BMW, Mercedes-Benz na Porsche zote zilirudi kwenye gari dogo la wazi la viti viwili, baada ya Mazda kuonyesha kwamba bado lina hadhira. Aprili 2016 MX-5 ya milioni moja ilitoka kiwandani. Mkopaji alikuwa amekwisha kuwa mkopeshaji.

Basi anayemsikia mshairi kijana na kutaka kusema "kaiga" na aulize kwanza mambo matatu: la kale limewekwa wazi au limefichwa, mwenyewe yu hai analighani, au limenyamaza, na vikiondolewa vipande vya kuazima, vilivyobaki vinasimama? Majibu yakiwa mazuri, neno linalostahili ni takhmisa. Yakiwa mabaya, neno ni lile lile la mwanzo, na litamkwe bila haya. Kwa vyovyote vile jina la aliyetangulia litajwe, kwa kuwa hilo ndilo fungu la deni ambalo hakuna mwingine awezaye kumlipia.