Hongera, Wapokeaji wa Farasi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, farasi wa Kiarabu aliweza kuuzwa Marekani kwa mamilioni ya dola. Sheria ya kodi ilipobadilishwa mwaka 1986, soko likaporomoka. Waliogombania kununua sasa wakaona uzito hata kulipia majani. Uzuri wote wa farasi wale usiwasaidie kitu!

Nawapongeza wanaowapokea farasi wa aina hii walioachwa na kuwafunza upya. Kazi huanzia chini: kwato zilizorefuka zinakatwa, meno yanapigwa tupa, kisha lijamu, polepole, maana farasi huyu hasahau kofi. Wengine huishia kubeba watoto wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Wengine huingia mashindano ya mbio kama Tevis, maili 100 za milima ya California ndani ya saa 24, ambako damu ya jangwani hutamba.