Mpagazi wa Vita Hatafutwi kwa Jina

Katika familia nyingi za Kenya na Tanzania yupo babu ambaye habari zake zote ni hizi: alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani, hakurudi. Wajukuu wanaoanza kumtafuta hukimbilia jina lake. Naamini huko ni kuanzia mwisho, kwa kuwa katika utafiti wa namna hii jina ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika mapigano ya Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Karani aliandika alichosikia, na mtu mmoja aliweza kuwa na jina la utotoni, la ubatizo au la Kiislamu, na jingine alilopachikwa kambini. Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuadhimishwa kwa majina au hawakuadhimishwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hiyo kutoliona jina orodhani hakuthibitishi kwamba mtu hakwenda vitani.

Utafiti uanze na wakati na mahali. Wakikuyu waliyapa majina marika ya waliotahiriwa pamoja, Wagogo wanaikumbuka njaa ya Mtunya iliyoanza 1917, na homa kuu ya mafua ilipita mwishoni mwa 1918. Kauli kwamba babu alichukuliwa kabla ya njaa ni tarehe tayari. Upande wa Kenya, sheria ya 1915 iliruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na msako mkubwa ukafuata 1917. Machifu walidaiwa watu wilaya kwa wilaya, hivyo ukishaujua mwaka na kijiji, unajua jalada la wilaya ipi la kuomba. Kisha watafutwe wenzake. Waliochukuliwa kijiji kimoja aghalabu waliondoka pamoja, na aliyerudi ndiye aliyeleta habari. Huenda yeye ana kumbukumbu ofisini ambayo babu hana. Lakini ushahidi ninaouthamini zaidi umo nyumbani kwenyewe. Mjane alirithiwa lini? Mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo ya urithi ni wa rika gani? Hapo utajua ukoo ulikata tamaa mwaka gani, hata kama hakuna aliyeandika kifo. Ziulizwe pia habari za mshahara: malipo ya wengi waliokufa au kupotea hayakuwafikia jamaa zao, na serikali ya Kenya iliendelea kuandikiana na London kuhusu fedha hizo kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba nyaraka hizo ni za mkoloni, naye alimhesabu mpagazi kama chombo cha kubebea mizigo. Ni kweli, na inauma. Hata hivyo karani wa posho alikuwa anahesabu midomo ya kulisha, si kusifu utawala, ndiyo maana hesabu kavu huaminika kuliko taarifa za makamanda. Wengine hushuku masimulizi ya wazee kwa kuwa hubadilika. Dawa yake ni kuwauliza kando kando watu wa nyumba ya mke mkubwa na wa nyumba ya mke mdogo: wakikubaliana juu ya jambo lisilomfaidi yeyote kati yao, jambo hilo lina uzito. Vipimo vya vinasaba navyo husaidia kidogo tu, kwani hazina zake zina Waafrika Mashariki wachache mno.

Pingamizi zito kuliko yote ni hatari ya kumkumbatia babu wa watu wengine. Majina yanayofanana ni mengi, na hamu ya kupata jibu hufumba macho. Ndiyo sababu jina lije baada ya kijiji, mwaka na wenzake kukubaliana, kila kimoja kutoka chanzo chake. Vikipungua, familia iandike "huenda" na iliache neno hilo libaki.

Mwenye mzee hai nyumbani amuulize sasa hivi rika la babu, na nani aliyeleta habari za kifo. Akishaandika majibu, ndipo aende Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam.