Mikono Mbele ya Chujio

Katika machimbo ya Fungurume, nchini Kongo, shaba huvunwa kwa umeme. Mawe husagwa na kulowekwa katika asidi, kisha mkondo wa umeme huivuta shaba kutoka kwenye asidi hiyo na kuigandisha, tabaka juu ya tabaka, hadi iwe bamba. Umeme ukikatika, bamba halikui. Ndiyo maana kampuni ya Tenke Fungurume ilitia fedha zake katika ukarabati wa Nseke, kituo cha umeme wa maji cha mwaka 1956 kwenye mto Lualaba, chini ya bwawa la Nzilo.

Katika vituo vya aina hiyo, kati ya mto na turbini kuna chujio: safu ya nondo nene zinazozuia magogo, matete na takataka. Anayelisafisha huanza kwa macho. Hulinganisha kimo cha maji mbele na nyuma ya nondo. Tofauti ikizidi, anajua kuna kilichonasa chini, hata kama juu maji yametulia. Hapo hushusha reki hadi mwisho, akaifuatisha na nondo na kuipandisha taratibu. Mwenye pupa huharibu: mfuko unaosukumwa badala ya kuvutwa hupenya, na nyasi zinazokatwa ovyo hutawanyika zikanasa upya.

Ustadi huo hupata mtihani mkali zaidi Bukavu, kwenye kituo cha Ruzizi I cha SNEL, shirika la umeme la Kongo. Mvua hukokota taka za mitaa ya vilimani hadi ziwa Kivu, na maji yanayotoka ziwani huzifikisha bwawani: chupa, mifuko, makopo. Zinazoelea huopolewa kutoka juu. Zilizozama hufuatwa na wazamiaji, na katika maji machafu vidole hufanya kazi ya macho. Kanuni ya kazi hiyo ni kusimamisha kwanza mtambo ulio nyuma ya chujio, kwani mvuto wa maji unaweza kumbana mtu kwenye nondo.

Umahiri wa mwisho hupimwa nchi kavu. Taka zikirundikwa ukingoni, mvua inayofuata itazirudisha mtoni. Fundi anayejua kazi yake huitazama njia ya maji kabla ya kuchagua pa kumwaga. Hutenga magogo na plastiki, akahakikisha vyote vimebebwa mbali. Kesho ataopoa taka mpya, lakini si zile alizokwisha kuzitoa jana.