Heko Wanaotufufulia Viwanja vya Vita

Wengi wetu tulifundishwa vita vya zamani kama orodha ya miaka na majina ya wafalme. Ndiyo maana wanastahili pongezi watayarishaji wa vipindi vya televisheni wanaotumia michoro ya kompyuta kutueleza jinsi vilivyopiganwa.

Mfano bora ni Battlefield Britain, mfululizo wa BBC wa mwaka 2004, uliotangazwa na Peter Snow na mwanawe Dan. Baba alichambua mbinu za majemadari. Mwana alitufikisha kwenye jasho na hofu ya askari wa kawaida. Chukua vita vya Hastings vya tarehe 14 Oktoba 1066. Jeshi la Mfalme Harold wa Uingereza lilisimama juu ya kilima, ngao kwa ngao. Wavamizi wao, Wanormani wa William, walilazimika kupanda mteremko. Ukiyaona majeshi hayo yakisogea kwenye mchoro, unaelewa mara moja kwa nini farasi hawakufua dafu mbele ya ukuta ule, na jinsi ulivyobomoka pale Waingereza walipoteremka kuwafukuza maadui waliokuwa wakikimbia.

Kazi hii ya michoro inadai uaminifu. Mwandishi anaweza kusema tu kwamba jeshi lilishambulia. Mchoraji hana budi kuamua lilitokea upande gani na mlima ulikuwa mkali kiasi gani. Hivyo hulazimika kuwauliza wanahistoria na kuipima ardhi yenyewe.

Kwa kutufanya tuelewe, si kukariri tu, hongereni sana. Endeleeni!